Mwaka Jadwiga Alipokaa Benchi la Nyuma

Binti yangu ndiye aliyenionyesha. Nilikuwa jikoni hapa Harrow nachambua mchele, kazi anayoiona ya kizamani maana mchele wa madukani siku hizi hauna mawe, akaja akaweka simu yake juu ya sinia. "Mum, isn't this your friend?" Nikamwona Jadwiga pichani, nywele nyeupe pe, mkono mmoja juu, mdomo wazi. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kipolandi ambayo sikuhitaji kutafsiriwa, kwa sababu tarehe mbili zenye kistari katikati husomeka kwa lugha yoyote. Nikaendelea kuchambua. Nilichambua kwa bidii ya ajabu, na baadaye niligundua kwamba mchele safi nimeutupa na makapi nimeyaosha. Binti yangu alisimama pale hajui afanye nini na mama anayelia juu ya sinia, akauliza tena, kwa Kiswahili safari hii, jambo analolifanya kwa nadra: "Alikuwa nani wako, Mama?"

Swali gumu hilo. Kwa wenzake wa Polandi alikuwa mwimbaji mkubwa wa blues na nyimbo za injili, mtu wa kumbi zenye mapazia ya mahameli, mwenye santuri zisizohesabika na kwaya za kukodi zilizovaa majoho nyuma yake. Alikuja kuimba London mara moja tayari akiwa na jina, nikakata tiketi ya kiti cha juu kabisa ambako mtu humwona mwimbaji mdogo kama punje, na sauti yake ikanifikia huko huko kana kwamba ananisemesha mezani. Waandishi wa habari walikuwa wakimuuliza alijifunzia wapi kuimba vile. Alikuwa na jibu moja, nami nimelisikia zaidi ya mara moja: "Nilijifunza London, kwa watu walionikataza kuimba." Watu hucheka wakidhani ni mzaha wa jukwaani. Mimi sicheki, kwa kuwa nilikuwa mmoja wa watu hao, na mwaka ule ndio ulionifanya niwe mtu wa kuogopa sauti ya binadamu, kuiogopa kwa heshima, kama mtu anavyouogopa moto alioupikia maisha yake yote.

Tulikuwa wasichana bado. Ilikuwa miaka ile Wapolandi walipoanza kumiminika London, na nyumba tuliyopanga Wembley ilikuwa imejaa hadi kwenye dari. Mwenye nyumba alikuwa amegawa kila chumba mara mbili kwa ubao mwembamba, hivi kwamba jirani akipiga chafya unampa pole bila kuinuka kitandani. Jadwiga alikuwa upande wa pili wa ubao wangu. Wote wawili tulifanya kazi katika nyumba ya kulea wazee, tukipishana zamu, na kwa wiki kadhaa nilimjua kwa harufu na sauti tu: harufu ya kabichi aliyoichachusha kwenye ndoo chini ya ngazi, na sauti ya kitu kama mtu anayelia ndani ya godoro. Siku moja nikachungulia. Alikuwa amefungua kabati la nguo na kuingiza kichwa katikati ya makoti, anaimba humo ndani ili asitusumbue. Aliponiona hakuona aibu hata chembe. "Makoti hayalalamiki," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokotea, ambacho hakikuwa kibaya kuliko changu.

Jikoni ndiko tulikopatana. Nilidhani dagaa wangu watamkimbiza kama walivyowakimbiza wengine, kumbe aliinama juu ya sufuria akavuta harufu na kusema kwao kuna samaki wa kukaushwa kwa moshi wanaonuka vizuri hivyo hivyo. Nikampa kijiko. Alikuwa mtu wa mji wa migodi ya makaa ya mawe, na aliniambia kwamba wachimbaji wa kwao ndio wanaopenda blues, muziki wa watu weusi wa Marekani, wameuimba tangu wazazi wake wakiwa vijana, kwa Kipolandi, kana kwamba ulizaliwa humo humo shimoni. Mimi blues sikuijua. Nilikuwa mtu wa kwaya, na nilipopika niliimba sauti ya pili, kama nilivyoizoea. Anayejua kwaya anajua kwamba sauti ya pili peke yake haina ladha. Mtu akikusikia atadhani unapotea njia. Jioni ile Jadwiga alikuwa amesimama akisubiri birika lichemke, na mara juu ya sauti yangu ikaja sauti ya kwanza, nzima, na zamu zake zote. Hakuwahi kuusikia wimbo ule. Nilimwuliza nani kamfundisha, na yeye akashangaa swali lenyewe. "Wewe. Umeimba nusu, si lazima nusu nyingine iwepo?" Nilisimama namtazama, mwiko mkononi. Ugali ukaungua, tukaula hivyo hivyo.

Nikampeleka kwaya. Ibada yetu ya Kiswahili ilikuwa ya alasiri, katika kanisa la Waingereza ambao walituachia wakishaondoka, na jengo lilibaki na baridi yao na harufu ya nta. Kwaya ilikuwa na Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi, na juu yetu sote alikuwa Mwalimu Kefa, dereva wa basi, mtu mnene na mpole ambaye upole wake uliishia mlangoni mwa mazoezi. Alifundisha kwa noti za do, re, mi alizoziandika ubaoni kwa chaki, na aliyechelewa alisimama mlangoni mpaka wimbo uishe. Mwenyekiti alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mjane ambaye mumewe alichukuliwa na watu wenye silaha, wala hakurudishwa hai wala maiti. Mama huyu hakucheka ovyo. Mwalimu alimwambia Jadwiga aimbe chochote. Akaimba wimbo wetu, ule alioupata jikoni, maneno ya Kiswahili akiyatamka kama mtu anayekanyaga mayai. Alipomaliza, Mama Furaha alivua miwani akaifuta, akasema, "Huyu mutoto iko na sauti ya Mungu. Mumupatie sare." Ndivyo Jadwiga alivyovaa kitenge cha bluu na skafu nyeupe, mfupi, mwekundu mashavuni, katikati ya sauti ya kwanza.

Miezi ile ya kwanza nikiikumbuka naona kama tulikuwa tunalewa. Alijifunza zile noti akiwa amekaa kwenye ngazi, anazikariri huku akimenya viazi. Watu walianza kuja ibadani mapema wapate viti vya mbele. Halafu ukaja mwisho wa mazoezi fulani, baada ya Pasaka, wakati wa kutaja mahitaji ya maombi. Mmoja aliomba tuombee viza yake, mwingine mguu wa mama yake, na Jadwiga akasimama, na mimi kama kawaida nikasimama kutafsiri. Alikuwa na furaha tele. Nikatafsiri neno kwa neno: kuna bwana wa kwao, anaitwa Marek, mwenye studio, amemsikia akiimba baa, amesema waimbaji wa blues anao wengi, lakini akisimama na kwaya hii nyuma yake atamtolea santuri yake ya kwanza, atakuja kuisikiliza kanisani sikukuu ya mavuno ikikaribia, kwa hiyo tumwombee, na tumwombee pia Jumamosi hii, maana anaimba baa tena. Ndugu mmoja Mkenya aliinama kwangu akanong'ona, "Amesema baa, ama nimeskia vibaya?" Nikamwambia amesikia vizuri.

Msomaji asiyekulia kwenye kwaya atasema, sasa kuna nini? Kwetu kulikuwa na mengi. Sheria ya kwaya ilikuwa moja na fupi: aliyeimba baa anasimamishwa. Kusimamishwa hakukuwa kufukuzwa. Unakuja mazoezini, unakuja ibadani, unavaa sare kama wenzako, ila unakaa benchi la nyuma na mdomo umefungwa, mpaka utakapoacha. Kamati ilimwita. Mama Furaha alisema kwa huzuni ya kweli, "Ile sauti unaipeleka ku bar, halafu unaileta hapa? Hapana, mutoto wangu. Haiwezekane. Uchague." Jadwiga aliniangalia, akatafuta maneno. Alisema kule baa anaimba mambo ya watu na huku anaimba mambo ya Mungu, na akiacha kule hatakuwa na la kumwambia Mungu huku. Nilitafsiri kadiri nilivyoweza. Mwalimu Kefa alikuna kidevu kwa muda mrefu, kisha akasema sheria ni sheria. Tulitoka nje tukidhani ndiyo basi tena, na kweli mimi nilimwambia kwenye basi kwamba sitamlaumu asiporudi.

Jumapili alikuja. Kitenge kimepigwa pasi, skafu imefungwa vizuri, akapita katikati ya kanisa hadi benchi la nyuma, akakaa, akafunga mdomo. Akaja Jumapili iliyofuata, na nyingine, majira yote ya kuchipua na kiangazi chote. Jumamosi baa, Jumapili benchi. Tulipoimba hakututazama kwa chuki. Aliinamisha kichwa na kusikiliza kama anakunywa. Mimi huku mbele nilikuwa nikikosa noti. Nimewaona watu wakisifiwa na wakibeba sifa hiyo vizuri, lakini mtu kuadhibiwa mbele ya watu, kwa jambo asilolijutia, na kuja kila wiki kuikalia adhabu hiyo bila kununa, hilo sikuwahi kuliona, na mpaka leo sijui alilipata wapi. Mama Furaha lilimkera. "Anakaa pale juu ya nini?" aliniuliza. "Si aende tu ku bar yake?" Nikamwuliza Jadwiga kupitia ule ubao wa vyumba vyetu usiku ule. Jibu likapita upande wa pili, la usingizi: "Nikikaa mbele nilikuwa najisikia mimi. Huku nyuma nawasikia nyinyi."

Mavuno yalipokaribia, na Marek ameshataja Jumapili atakayokuja, Mwalimu Kefa alisimama mazoezini akasema dhamiri haimpi raha. Tumemhukumu mtu kwa jambo ambalo hatujaliona. Hata Mahakama ya Uingereza husikiliza kwanza. Jumamosi twende tukaone. Na kwa kuwa kwaya ikitoka pamoja huvaa sare, tukavaa sare. Tukapanda treni Wembley Park tukashuka Harrow, vitenge vya bluu na skafu nyeupe, watu wakitupisha kwa heshima, jua bado lipo juu. Kwenye ile baa tuliingia kwa mstari na kusema hodi. Mwenye baa, Mwingereza mwenye tumbo na ndevu, alitutazama, uso ukamng'aa, akaanza kusogeza meza. Akatuashiria tupite mbele, mbele zaidi, mpaka jukwaani. Sisi tulidhani anatupa viti vya wageni, na mgeni mwenye adabu hakatai anapokaribishwa. Viti havikuwepo, tukasimama, na kwa mazoea tukajipanga: sauti ya kwanza kushoto, wanaume nyuma. Mhudumu akatuletea soda bila kuulizwa. Ndipo Jadwiga akatokea na mpiga gitaa wake, akatuona, na midomo ikamcheza asijue acheke au alie.

Akaimba. Kanisani nilikuwa nimemsikia nusu ya kile alichonacho; nyingine alikuwa ameiweka humu. Sauti ilitoka chini kwenye nyayo, ikiwa na kutu, ikapanda polepole, na walevi waliokuwa wakibishana mpira wakanyamaza na glasi zikiwa mikononi. Wimbo ulikuwa wa Kipolandi, nami nilikuwa naujua maana alinielezea tukimenya viazi. Mama Furaha alinivuta mkono. "Anasema nini?" Nikamwambia: ni mke wa mchimbaji. Mume alishuka mgodini, mgodi ukamfunika, hawakumtoa. Lakini kila Jumamosi mke anafua shati lake, analipiga pasi, analitundika kitini. Jadwiga akamaliza mstari mwingine. Katika blues mwimbaji akimaliza mstari hunyamaza kidogo, gitaa limjibu. Mama Furaha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kwake, "Ile shati, anaifua kweli?" Nikasema ndiyo, kila Jumamosi. Mstari ukaisha, na kabla ya gitaa kujibu, Mama Furaha akajibu. Hakuwa na maneno, alikuwa na "ee" tu, ndefu, ya kilio cha kwao. Mpiga gitaa akatoa mikono kwenye nyuzi. Mstari uliofuata sauti ya pili tuliingia, kisha wanaume, na chini kabisa Mwalimu Kefa, macho amefumba, jasho linamtoka. Tuliimba mpaka mwisho na baada ya mwisho. Sijawahi kuwa mahali patakatifu kuliko baa ile, na nisamehewe kwa kusema hivyo.

Tulirudi Wembley tukicheka treni nzima. Kwangu mambo yalikuwa yamekwisha: Jadwiga anarudi mbele, Marek anakuja, santuri inatoka. Sikumjua Mwalimu wangu. Siku ya mazoezi alisimama ubaoni, hakuandika noti. "Sheria ya kwaya inasema nini?" Tukaitaja. "Nani hapa aliimba baa?" Watu wakaangalia viatu vyao. Yule ndugu Mkenya akajaribu, "Lakini Mwalimu, hiyo ilikuwa ni accident. Na hata Jadwiga aliimba the same day!" Mama Furaha ndiye aliyejibu. "Jadwiga alikuwa ku kazi yake. Sisi tulienda kumuhukumu, tukaimba. Yeye alikaa benchi tangu Pasaka, amemaliza. Sisi bado hatujaanza." Nikapiga kelele, nakiri, nikasema Marek anakuja Jumapili hii hii, bila kwaya hakuna santuri, tutakuwa tumemwua mara mbili. Mwalimu alinitazama kwa upole ule ule wa nje ya mlango. "Eli, mwanangu. Tukijifungulia sisi mlango tuliomfungia yeye, atasimama na kwaya gani? Hiyo si kwaya tena." Jadwiga aliniomba nimtafsirie. Aliposikia akamwendea Mwalimu akamshika mkono kwa mikono yote miwili, na akatoka nje akasimama kwenye mvua.

Jumapili ile Marek alikaa pembeni, mwembamba, koti refu, na mashine ndogo ya kurekodia magotini. Wakati wa kwaya ulipofika mchungaji alitangaza, na hakuna aliyesimama. Sisi sote, kwa sare, tulikuwa nyuma tumebanana kwenye mabenchi, na Mwalimu Kefa mwisho wa benchi, ukutani. Marek aligeuka kututazama akiwa haelewi. Jadwiga akapita peke yake hadi mbele, mahali pa watu wote wale, akasimama pale pale pa sauti ya kwanza, kushoto, hakuthubutu kuja katikati. Wimbo ulikuwa wa Mwalimu mwenyewe: sauti ya kwanza inauliza, "Nani atanishika mkono?" na sisi wengine tunajibu, "Yuko, yuko." Akauliza. Kisha akanyamaza, akatusubiri. Alitupa nafasi yetu yote, kamili, hakupunguza hata pumzi moja, huku sisi tumebana midomo na machozi yanatutoka. Kisha akauliza tena. Ubeti baada ya ubeti aliuliza na kutusubiri, na ukimya ule ukazidi kujaa mpaka nikahisi kanisa zima linatetemeka kwa kitu ambacho hakuna aliyekiimba. Ndani ya ukimya huo benchi lililia kwa uzito, chini ya Mwalimu Kefa. Marek alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Hakuitaka kwaya tena. Alichorekodi siku ile, na kilio cha benchi humo humo, ndicho wimbo wa mwisho wa santuri ya kwanza ya Jadwiga, na ndicho kilichompa jina. Waandishi wameandika mengi kuhusu ukimya wake, namna anavyothubutu kunyamaza mbele ya watu elfu na kuwaacha wakining'inia. Wameuita mtindo. Wapo waimbaji vijana wanaouiga. Mwalimu Kefa alifariki miaka kadhaa iliyopita, na kila nilipousikia wimbo ule redioni nilifunga mdomo, bila kufikiri, kwa mazoea ya adhabu.

Mwezi uliopita Wapolandi wa London walimfanyia misa ya kumkumbuka, kanisani kwao Ealing. Nilikwenda na binti yangu na wale wa kwaya tuliobaki, tumekaa nyuma. Mama Furaha sasa anatembea na fimbo na haoni vizuri. Hawakuweka mwimbaji, waliweka santuri. Sauti ya msichana wa Wembley ikajaa kanisa lile, "Nani atanishika mkono?" halafu ukimya, na mamia ya watu wakainamisha vichwa, kama anavyofanya mtu aujuaye wimbo. Akauliza tena. Mama Furaha akanigonga goti. "Eli," alisema, wala hakujali kunong'ona, "ile adhabu yetu haijaisha tu?" Akajishika kwenye kiti cha mbele akainuka, nasi tukainuka naye. Jadwiga akauliza mara ya tatu, akatusubiri.

"Yuko," tukamjibu. "Yuko."